Unasafiri nje ya nchi kutokea Arusha au Moshi? Soma hii kabla hujaenda kuchoma chanjo

Swali la "nasafiri, nichome chanjo gani?" linaulizwa kila siku hapa mjini na majibu yake ni kila mtu na lake, mmoja atakuambia nenda KIA watakuchoma hapo hapo unapanda ndege, mwingine siku hizi hawaulizi kabisa, wa tatu ana jamaa yake anatoa kadi bila hata sindano. Nimeamua niandike kitu kirefu kidogo kwa watu wa Arusha na Moshi hasa, maana sisi tuna mambo yetu ambayo mtu wa Dar hana: tunapitia Nairobi sana, alafu tunaishi kwenye baridi ambako malaria ni ya kubahatisha. Hayo mawili yanabadilisha hesabu nzima ya safari.

Cha kwanza weka kichwani kwamba kuna chanjo za makaratasi na kuna chanjo za mwili. Za makaratasi ni zile ambazo bila hizo utarudishwa kaunta ya ndege au utawekwa karantini ukifika. Za mwili hakuna afisa uhamiaji atakayekuuliza, ila ndo zitakazoamua kama utarudi mzima. Watu wengi wanahangaika na za kwanza tu, mtu akishapata kadi ya njano (cheti cha chanjo ya homa ya manjano) anaona kamaliza kila kitu, anaenda Kampala wiki 2 analala bila neti, anarudi na malaria iliyopanda kichwani na kadi yake iko safi kabisa mfukoni.

Muda: anza wiki 6 kabla, ukiweza 8. Najua viza zenyewe zinatoka siku 3 kabla ya safari, lakini chanjo hazisubiri viza, ukishajua tu unaelekea wapi anza.

Angalia njia unayopita, sio unakoenda tu

Hapa ndo wengi wa huku kwetu wanaponasa. Homa ya manjano kwa Tanzania, Shirika la Afya Duniani linatuweka kwenye kundi la nchi ambazo uwezekano wa kuipata ni mdogo. Kenya, Uganda na Ethiopia zipo kwenye kundi la hatari. Sasa wewe umeona tiketi ya kutoka Nairobi ni rahisi kuliko ya KIA, umepanda shato asubuhi, umevuka Namanga, au umetokea Moshi umepitia Holili ukaingia Taveta, ukalala kwa shemeji yako South B siku 2 ndo ukapanda ndege ya kwenda Mumbai na mgonjwa. Kwa macho ya afisa wa afya wa India wewe hutokei Tanzania, unatokea Kenya. Akikuomba kadi huna, wana haki ya kukuweka karantini mpaka siku 6. Na hesabu ya siku hizo sio ya kukukomoa, 6 ndo muda ambao virusi vinaweza kukaa mwilini kabla hujaanza kuumwa.

Addis nako ni vilevile. Ukipita transiti ya masaa 2 kwa kawaida hakuna shida, ila ukikaa zaidi ya masaa 12 kwenye kiwanja cha nchi yenye hatari unaweza kuhesabiwa kama umetokea huko. Kwa hiyo ukinunua tiketi ya bei chee yenye kusubiri masaa 17, ujue umejinunulia na swali la kadi ya njano hapo hapo.

Mtu atauliza mbona India na China wana mkwara hivo wakati wao hawana huo ugonjwa. Ni kwa sababu hiyo hiyo kwamba hawana. Mbu anayeusambaza, Aedes, kwao yupo wa kutosha, watu wao hawajachanjwa, sasa akiingia mgonjwa mmoja tu akaumwa na mbu wa pale moto unaweza kuwaka. Mwaka 2016 Angola ilikuwa na mlipuko mkubwa, wafanyakazi wa Kichina waliokuwa kule bila chanjo wakarudi nao nyumbani, wagonjwa 11 wakathibitika China. Haukusambaa, ila tangu hapo watu wa viwanja vya ndege hawacheki na mtu.

Kuna nchi nyingine zinataka kadi kwa kila anayeingia hata atokee wapi: Uganda, Kongo ya Kinshasa, Ghana. Madereva wa malori na wafanyabiashara wa hapa Arusha wanalijua hili. Na ukirudi nyumbani kutoka nchi yenye hatari Tanzania yenyewe nayo inaweza kukuomba kadi, wewe na ubini wako na paspoti yako ya Afrika Mashariki, usije ukashangaa.

Orodha za nchi zinabadilika na kila nchi ina ya kwake. Usitegemee jirani aliyesafiri mwaka juzi. Uliza ubalozi, uliza na shirika la ndege, maana kaunta ndo watakaokukatalia kwanza.

Kadi ya njano yenyewe

Anzia ofisi za Afya ya Mipakani, zipo KIA, zipo Namanga na Holili, hao ni watu wa Wizara ya Afya. Ukiwa mbali na huko waulize Mount Meru, Mawenzi au KCMC wakuelekeze sehemu inayochanja kwa wakati huo. Piga simu au ulizia kwanza kabla ya kupanda Hiace, kwa sababu kichupa kimoja cha hiyo chanjo mara nyingi kina dozi za watu kadhaa, na kikishafunguliwa kinatakiwa kiishe ndani ya masaa 6 au kimwagwe. Ndo maana sehemu nyingine wanakusanya watu kwanza wafike idadi, au wanapanga siku maalum ya kuchanja. Sio uvivu wa nesi.

Sindano ni moja tu. Cheti kinaanza kuhesabika siku ya 10 baada ya kuchanjwa, sio siku hiyo hiyo, kwa hiyo habari ya kuchomwa KIA saa moja kabla ya ndege haikusaidii, tarehe iko wazi kwenye kadi na kila afisa anajua kuhesabu mpaka 10. Ila ukishachoma ni ya maisha. Zamani ilikuwa miaka 10 unarudia, sheria ikabadilishwa kuanzia tarehe 11 Julai 2016, na kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10 nazo zinahesabika za maisha. Kama unayo ya mwaka 2009 haijachanika wala kufutika usikubali mtu akuchome upya kisa "imeisha".

Kabla hujatoka kwenye ofisi ile kaa chini usome kadi yako, na hapa nasisitiza sababu kadi inaweza kukataliwa kwa kosa dogo tu la kuandika. Jina liwe kama lilivyo kwenye paspoti, sio Mama Neema wala jina la ubatizo ambalo halipo kwenye paspoti. Namba ya paspoti. Tarehe ambayo mwezi umeandikwa kwa herufi sio kwa namba. Kampuni iliyotengeneza chanjo na namba ya toleo lake, sahihi ya aliyekuchanja, muhuri wa kituo, na sahihi yako wewe. Palipokosewa pasifutwe kwa wino mweupe wala kuchorwa chorwa, omba kadi nyingine, kwa maana kadi yenyewe imeandikwa kwamba kufuta au kuacha pengo kunaweza kuibatilisha. Alafu ipige picha, ibane na paspoti. Kadi orijino ndo inayotakiwa, picha ya kwenye simu ni ya kukusaidia ukipoteza.

Malipo ya serikali siku hizi ni kwa kontroo namba. Mtu akikuambia tuma kwenye namba yake binafsi atakuletea kadi stendi, huyo anakuuzia karatasi. Wapo wanaonunua na wanapita, siwezi kukudanganya, ila ukikamatwa na kadi feki nchi ya watu hiyo ni kesi ya kughushi sio ya afya tena, na juu ya hapo kama unaenda Kongo au Ghana ugonjwa kule upo kweli, haukuulizi kadi. Homa ya manjano haina dawa ya kuua kirusi, wanakuhudumia tu mwili ujipambanie.

Wasiotakiwa kuchomwa: mtoto chini ya miezi 6 hachomwi kabisa, kwa wengi ni kuanzia miezi 9. Mtu mwenye aleji kali ya mayai, mwenye kinga iliyoshuka sana kama mwenye VVU ambaye CD4 ziko chini ya 200, anayetumia dawa za saratani au zinazoshusha kinga. Hii chanjo ina kirusi hai kilichodhoofishwa ndo maana wanauliza hayo yote. Mjamzito, anayenyonyesha mtoto mdogo na mzee wa zaidi ya miaka 60 anayechomwa kwa mara ya kwanza hao waongee na daktari wapime hatari za pande zote mbili. Na sema ukweli pale dirishani, hata kama kwenye foleni yupo mtu wa mtaani kwenu, omba uingie chumbani mwongee. Daktari anaweza kukuandikia barua ya msamaha kwa Kiingereza au Kifaransa yenye muhuri, ila nchi unakoenda haijalazimika kuikubali, kwa hiyo wasiliana nao mapema.

Wanaoenda kusoma Uingereza na Marekani

Uingereza kwa viza ya zaidi ya miezi 6 inataka cheti cha kipimo cha TB kwa Watanzania, na lazima kiwe cha kliniki iliyo kwenye orodha yao, X-ray uliyopiga hospitali nyingine hata iwe nzuri vipi hawaitaki. Cheti kinadumu miezi 6. Lile kovu la BCG begani halihusiani kabisa na hapa, BCG inamkinga zaidi mtoto mdogo dhidi ya TB kali, haimaanishi wewe mtu mzima huna TB.

Vyuo vya Marekani vingi vinataka ushahidi wa dozi 2 za surua, matumbwitumbwi na rubela, na hapo ndo kizazi chetu kinakwama, sababu Tanzania dozi ya pili ya surua pamoja na rubela imeingia kwenye ratiba ya watoto mwaka 2014. Kama umezaliwa miaka ya tisini kuna uwezekano mkubwa ulipata dozi moja, na kadi yako ya kliniki iliyobaki Machame kwa bibi pengine imeshaliwa na mchwa. Itafute kwanza. Ikikosekana una njia mbili, upime damu waone kama una kinga, au uchanjwe tu upya, kurudia chanjo ya surua hakuna madhara na mara nyingi inakuwa rahisi kuliko kipimo.

Kitu ambacho wengi hawaambiwi: chanjo zenye virusi hai kama ya surua na ya homa ya manjano ama unachomwa siku moja zote, kila moja sehemu yake, ama unaacha siku 28 katikati. Ukichoma moja leo nyingine wiki ijayo ya pili inaweza isishike vizuri. Na kama chuo kinataka kile kipimo cha TB cha kuchomwa kwenye ngozi ya mkono, kifanye kabla au siku hiyo hiyo ya chanjo ya surua, la sivyo subiri wiki 4, maana chanjo inaweza kuficha majibu. Sasa unaona kwa nini nimesema wiki 6.

Wanaoenda kazi Uarabuni

Dada zetu wanaoenda Oman, Saudia, Dubai, Qatar: ajenti atakupeleka kupima, watapima VVU, homa ya ini B na C, X-ray ya kifua kwa ajili ya TB, na mimba. Ukifika kule watapima tena. Ukikutwa na homa ya ini B safari imeishia hapo, na wengine wameshalipa hela nyingi za watu wakati huo.

Ushauri wangu pima homa ya ini B mwenyewe kabla hujampa ajenti hata senti. Kipimo ni cha haraka. Chanjo hii iliingia kwa watoto wa Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo kama hakujichanja ukubwani hana. Ukiwa huna ugonjwa, chanja: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa 6. Kama safari iko karibu kuna ratiba ya haraka ya siku ya 0, ya 7 na ya 21, alafu ya kumalizia baada ya mwaka, mwambie daktari. Ukiwa nao tayari chanjo haikutibu, na usikubali mtu akuuzie dawa ya mitishamba ya "kusafisha ini" upite kipimo, nenda kliniki ya ini KCMC au hospitali ya mkoa wakuangalie, wengi wanaishi nao miaka mingi wakifuatiliwa vizuri.

Hii chanjo ya homa ya ini B kwa kweli naiona ni ya kila mtu mzima hata asiyesafiri, ila safari ndo inamfanya mtu akumbuke.

Hija na Umra

Chanjo ya lazima ni ya homa ya uti wa mgongo, ile ya aina nne, ACWY, kuanzia mtoto wa mwaka 1, na iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Zipo za namna mbili, moja inahesabika miaka 3 na nyingine 5, kwa hiyo hakikisha cheti kinaonyesha umechomwa ipi maana wasipoona aina yake watakuhesabia ile fupi. Waliweka sharti hili la aina nne baada ya mahujaji wa mwaka 2000 kurudi makwao na aina ya W135 na kuwaambukiza watu wa nyumbani, kwenye nchi nyingi tu. Taasisi unayosafiri nayo kwa kawaida inapanga siku ya chanjo, ila mzee wako usimwachie taasisi peke yake, mpeleke, msikilize akiulizwa presha na sukari.

Chanjo ya mafua ongeza, haswa kwa wazee. Maziwa mabichi ya ngamia achana nayo, na ngamia wenyewe kaa nao mbali, kuna kirusi cha MERS kiligunduliwa Saudia mwaka 2012 na ngamia ndo wanakibeba. Na joto. Hija ya 2024 walikufa zaidi ya watu 1,300, wengi jua kali bila kivuli. Mzee aliyezoea kuvaa koti mwezi wa 7 Sakina au Marangu apewe mwavuli, maji na chumvichumvi za kuchanganya, na akubali kupumzika mchana.

Malaria, na hii ndo ningependa usome mara mbili

Kuna kauli naichukia, "sisi Waafrika malaria tumeizoea". Nani kaizoea? Kinga ya malaria mtu anaijenga kwa kuumwa umwa mara nyingi tangu utoto na kuendelea kuumwa na mbu wenye vimelea, na anayehama sehemu hiyo inapungua. Mtoto aliyekulia Njiro, Ngaramtoni, Kibosho au Marangu hajawahi kuijenga. Arusha, Kilimanjaro na Manyara ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, ukitoa maeneo ya chini chini kama kule TPC na mashamba ya mpunga. Ukienda Uganda, Kongo, Nigeria, Msumbiji, wewe mwili wako hauna tofauti kubwa na wa mtalii wa Kijerumani anayeshuka KIA, tofauti ni kwamba yeye amebeba vidonge na wewe umebeba imani.

Na hili linahusu hata Mtanzania anayeishi Ulaya miaka 8 anayekuja kusalimia kwao Geita au Kigoma. Mwambieni.

Vidonge vya kujikinga vipo, na mseto sio mojawapo, ule ni wa kutibu, usiumeze "kama kinga" kabla ya safari utajidanganya. Vya kujikinga daktari atakuchagulia kati ya hivi: doksisaiklini kila siku, unaanza siku 1 au 2 kabla, unaendelea muda wote ukiwa huko na wiki 4 baada ya kurudi, ni ya bei nafuu, ila haimfai mjamzito wala mtoto chini ya miaka 8, inafanya ngozi iungue na jua, na imezwe na chakula na maji mengi ukiwa umekaa, ukimeza ukalala inaunguza koo. Malarone nayo ni ya kila siku, unamaliza siku 7 tu baada ya kurudi, shida yake ni bei na sio kila famasi utaikuta. Meflokwini ni mara moja kwa wiki ila inaanza wiki 2 au zaidi kabla, na aliyewahi kuwa na sonona au degedege asiitumie. Zile wiki 4 za baada ya kurudi ndo watu wanaziacha, anafika nyumbani anaona "mbona nipo fiti" anatupa, kumbe vimelea vilikuwa kwenye ini vinasubiri.

Alafu neti. Hapa Kisongo kuna kiwanda cha A to Z kinachotengeneza vyandarua vyenye dawa vinavyolindia watu Afrika nzima, na sisi majirani wa kiwanda ndo tunasafiri bila hata kimoja. Nunua kimoja kibane kwenye begi, hoteli nyingi za bei ya chini neti yao ina matundu. Dawa ya kupaka iwe yenye DEET asilimia 20 mpaka 50, soma kwenye chupa.

Dengi, mbwa na tumbo

Dengi ya India, Thailand, Brazili na hata Dar yenyewe (mwaka 2014 na 2019 ilivuma) inaletwa na mbu anayeuma mchana, kwa hiyo neti ya usiku haikusaidii, jipake asubuhi na jioni. Muhimu kuliko vyote: ukiwa na homa na umetoka sehemu yenye dengi usimeze Diclopar. Najua ndo dawa yetu ya kila kitu, kichwa Diclopar, mgongo Diclopar, lakini dengi inaleta kutokwa damu na dawa za jamii hiyo pamoja na asprini zinazidisha. Tumia panadoli na maji mengi, nenda hospitali.

Mbwa au nyani akikuuma au kukuparua nchi yoyote, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, angalia saa, alafu nenda ukachomwe chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakuna kupona. Unayeenda kukaa vijijini India au unafanya kazi na wanyama unaweza kuchanjwa kabla, dozi 2, siku ya 0 na ya 7, na ukiumwa bado utaongezewa nyingine.

Taifodi ina chanjo, kipindupindu kina chanjo ya kunywa, zote zinasaidia lakini hazikupi ruhusa ya kunywa juisi yenye barafu stendi. Beba pakiti za ORS, moja kwa lita moja ya maji safi. Zikiisha: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, usizidishe chumvi. Dawa za kufunga kuharisha usitumie ukiona damu au una homa.

Begi la dawa

Dawa zako za kila siku, za presha, sukari, ARV, zibebe kwenye begi la mkononi zikiwa kwenye kopo lake lenye jina lako, na barua ya daktari. Begi kubwa linaweza kwenda Istanbul na wewe uko Doha. Insulini kamwe isiende kwenye begi la chini ya ndege, inaweza kuganda na ikishaganda imekufa. Beba na za siku za ziada.

Uarabuni uwe makini sana na dawa za maumivu. Tramadoli, dawa za kikohozi zenye kodini, valiamu, hizi kule zina sheria kali na mtu anaweza kufungwa kwa kidonge alichopewa na jirani Majengo bila hata kujua ni nini. Usibebe dawa ya mtu, hata ya mama mkwe anayempelekea mwanae. Kama ni yako kweli uliza ubalozi wao namna ya kuombea kibali kabla hujaondoka.

Ukisharudi

Homa yoyote ndani ya miezi 3 baada ya kutoka nchi yenye malaria ni malaria mpaka kipimo kiseme vingine. Tatizo la hapa kwetu ni kwamba daktari wa Arusha au Moshi haoni malaria kila siku kama mwenzake wa Geita, ukiingia zahanati ya mtaani ukasema tu "najisikia homa na kichwa" kuna nafasi kubwa utoke na taifodi na UTI na mfuko wa dawa za elfu arobaini. Kwa hiyo sentensi yako ya kwanza mapokezi, kabla ya jina na kabla ya bima, iwe: nimetoka nchi fulani tarehe fulani. Omba MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) au kipimo cha damu cha darubini siku hiyo hiyo, na kama imetoka hasi na homa bado ipo rudi kesho yake upimwe tena, mpaka mara 3. Kama umetoka sehemu yenye mlipuko wa Ebola au Marburg usiende kukaa kwenye benchi na watu, kaa nyumbani pembeni na wenzako, piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure, waeleze ulipotoka na wakuelekeze uende wapi na kwa njia gani.